Kisanduku cha Lita

Nungu Saba alitumia sekunde thelathini na nane kutoka kituoni kwake hadi reli ya nne ya bandari kavu ya Halungu. Alikuwa mashine yenye ukubwa wa ng'ombe dume, miguu sita, na mipira ya kumwagia kumi na miwili iliyosimama mgongoni kama miiba ya nungunungu, ndiyo asili ya jina lake. Kila mpira ulikuwa na dawa yake: huu povu, huu unga wa kuzimia moto, huu mchanga mkavu, huu magadi, huu maji. Puani alikuwa na kinusio, chombo kilichoweza kutofautisha siki na maji ya betri kutoka umbali wa nusu kilomita. Halungu ilikuwa na Nungu kumi na mmoja, na wageni wa miji mingine walikuja kupiga nao picha.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa ameitwa kwa jambo dogo. Vali ya behewa moja la tangi ilikuwa imelegea, na chini yake palikuwa na dimbwi lisilozidi ukubwa wa mkeka wa watu wawili. Kilichovuja kilikuwa asidi-moshi, ile inayopelekwa kwenye viwanda vya betri. Ni asidi ya salfa iliyoshindiliwa gesi mpaka inafuka yenyewe, hata ikiwa imetulia tu kwenye chombo. Ngozi inaila, nguo inaitoboa, lakini adui yake hasa ni maji. Vikikutana, vinachemka papo hapo na kuruka, kisha linapanda wingu jeupe ambalo ni asidi tupu. Makuli wa Halungu waliiita Mke-mwenza, kwa sababu haikai nyumba moja na maji. Makuli walilijua hilo, na akina mama wa chai pale bandarini walilijua. Asiyelijua alikuwa Nungu Saba peke yake, na ndiye aliyepewa kazi.

Msimamizi wa zamu, Sekela Nzowa, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, alikuwa kwenye kibanda cha uangalizi, mita arobaini kutoka kwenye behewa. Kwa mujibu wa mkataba, kazi yake ilikuwa kutazama. Aliona mpira wa bluu ukiinama kuelekea dimbwini, na mpira wa bluu ni wa maji. Akabonyeza kipaza sauti.

"Nungu, mchanga," alisema. "Mchanga mkavu. Siyo maji."

Nungu akajibu kwa ile sauti ya upole iliyochaguliwa na kamati. "Asante, msimamizi. Katika matukio sitini na matatu ya aina hii hapa Halungu, maji yalitumika katika yote, na hakuna aliyeumia. Tafadhali baki ndani."

Akafungulia maji.

Mlio wake ulikuwa wa karai la mafuta ya moto lililomwagiwa maji, ila karai lenyewe lilikuwa dimbwi la asidi. Wingu likapanda hadi juu ya mabehewa. Upande wa pili wa reli makuli mia na hamsini walikuwa wamekaa wanakunywa chai. Sekela hakubaki ndani. Alivaa miwani ya kazi na barakoa ya kitambaa, vitu pekee alivyopewa mtu ambaye kazi yake ni kutazama, akakimbia kuelekea kwenye mashine. Wenzo wa kuisimamisha ulikuwa chini ya tumbo lake. Uliwekwa huko kwa sababu wachoraji walisema ukikaa ubavuni utaharibu sura. Sekela akatambaa uvunguni, akauvuta kwa mikono miwili, na maji yakakatika.

Makuli walikimbia wakikohoa, wote wakiwa hai. Sekela alivutwa nje kwa miguu. Naye alikuwa hai, ila macho yake hayakuwa ya kuonea tena.

Injinia Tupokigwe Mwaisumo, aliyewabuni akina Nungu, aliisoma taarifa ya makao makuu ya Kikosi cha Kemikali siku ya Ijumaa, akairudia akidhani amesoma vibaya. Taarifa ilisema kwamba mashine ilifuata uzoefu uliothibitishwa. Ilisema madhara yalitokea pale mtu asiye na idhini alipoingia eneo la hatari na kukatiza kazi kabla haijakamilika. Tume ya uchunguzi ingekaa Jumatatu saa tatu asubuhi kupitisha maneno hayo. Saa tisa alasiri siku hiyohiyo, Nungu wote kumi na mmoja wangewashwa tena, pamoja na wengine arobaini katika miji iliyokuwa imewanunua.

Alimpigia simu Mkurugenzi wa Kikosi, Bwana Msokwa, akamwambia kwamba mwanamke yule aliokoa watu mia na hamsini na sasa anaitwa mkosaji. Bwana Msokwa alimsikiliza kwa subira, kama anavyosikilizwa mgonjwa. Akamkumbusha kwamba mashine ni yake mwenyewe, kanuni ni zake, na kwamba kumbukumbu za mashine hazina ubishi: mara sitini na tatu maji, mara sitini na tatu salama. Kama injinia alikuwa na maelezo mengine, alete ushahidi kabla ya Jumatatu. Tupokigwe alikata simu bila kuaga.

Sasa inafaa kueleza Nungu alifundishwaje, maana hapo ndipo palipooza. Akili unde yake ililishwa vitabu vya kemia, na vitabu vyote vilisema asidi-moshi isiguswe na maji. Lakini ililishwa pia ripoti za kikosi cha Halungu za miaka kumi na minane, tukio kwa tukio. Na Tupokigwe mwenyewe aliweka kanuni kwamba kitabu kikigongana na uzoefu wa wazimamoto wetu, uzoefu ushinde. Siku ya uzinduzi aliisema kanuni hiyo jukwaani na watu wakapiga makofi hadi wakasimama. Mashine iliyofundishwa na watu wa hapahapa, siyo na vitabu vya watu wasiolijua vumbi la Halungu. Ilikuwa kauli nzuri, na aliiamini. Jambo moja tu hakulifanya: hakuzisoma ripoti zenyewe. Zilikuwa elfu ishirini na kitu, na nani husoma ripoti?

Usiku wa Ijumaa na asubuhi ya Jumamosi alizisoma zile sitini na tatu. Lita elfu nne. Lita elfu sita na mia tano. Lita elfu tisa. Kila moja ilikuwa na sahihi ya Sajini Yolam Simkoko, kiongozi wa kikosi cha zamani kilichovunjwa Nungu walipokuja. Kila moja ilisema hakuna aliyeumia. Alipofika ya ishirini, alisimama akaenda dirishani. Lita elfu tisa juu ya asidi-moshi, na watu wote wakarudi nyumbani kula? Mtu aliyefanya hivyo mara sitini na tatu hawezi kuwa amestaafu. Angekuwa amezikwa siku ya kwanza.

Akachukua kishikwambi chake akaenda kwa Sajini Simkoko, na njia nzima alikuwa akipanga matusi.

Simkoko alikaa ghorofa ya saba, kwenye nyumba za wastaafu. Alimkuta mezani anachambua maharage, mabaya akiyatia kwenye kifuniko cha sufuria. Alisimama kumpokea, akamwita Injinia, akamtafutia kiti. Tupokigwe hakukaa. Aliweka kishikwambi juu ya maharage akamuuliza kama sahihi ile ni yake.

Mzee akatazama. Akasema ni yake.

"Ulimwaga maji lita elfu tisa kwenye Mke-mwenza, Afande?"

"Sikumwaga hata kikombe."

Alieleza bila haraka. Kikosi kilikuwa na mapipa sita ya mchanga, na kila Jumatatu mchanga ule ulikaangwa kwenye mabati juu ya moto wa makaa mpaka unyevu wote utoke. Mchanga ukiwa na umande tu, Mke-mwenza anaamka. Walilizungushia dimbwi tuta, wakalifunika kutoka upande unakotoka upepo, wakasubiri litulie. Magadi waliyanunua sokoni, yaleyale ya kupikia maharage, wakayatia pembeni kidogokidogo kwa koleo la mpini mrefu, kwa maana yakitiwa kwa pupa yanafura. Mara sitini na tatu walifanya hivyo. Hakuna aliyepoteza hata ukucha.

"Basi kwa nini uliandika maji?" Tupokigwe aliuliza.

Simkoko alinyanyuka akaenda chumbani. Alirudi na sanduku la bati, akalifungua juu ya meza. Ndani mlikuwa na fomu zilizochapishwa, kila moja na mstari mwekundu. Enzi hizo, alisema, kila tukio lilijazwa kwenye fomu moja, na kwenye fomu palikuwa na kisanduku: Lita za maji zilizotumika. Yeye aliandika sifuri, kwa kuwa ndiyo kweli. Fomu ikarudi. Makao makuu yalitaka kila fomu iliyorudishwa ibandikwe ubaoni kituoni, ili kikosi kione aibu. Akaandika sifuri tena, akaeleza pembeni habari za mchanga. Ikarudi tena. Mara ya tisa ilifuatana na barua kwamba kituo kisichotumia maji ni kituo kisichofanya kazi, na kitafungwa.

"Vijana wangu walikuwa wanarudi wamechoka, wanakuta ubaoni wameandikwa wavivu," alisema. "Tukakaa, tukakubaliana. Tukitoka kazini tulikuwa tunaoga. Tukaandika maji ya kuoga, tukayazidisha. Fomu ikapita. Tangu hapo kila zamu ilikuwa na mtu wake wa lita, mwenye mkono mzuri. Asiandike kidogo wakamuuliza, asiandike mno wakamshangaa."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Halungu ilichukua miaka kumi na minane, na ilikuwa ya lami.

Hapo ndipo Tupokigwe alipofoka. Alimwambia kuwa uongo wake umemng'oa macho mwanamke wa watu. Alimwambia kuwa alijua, kila mtu alijua, mashine inafundishwa kwa uzoefu wa kikosi, lilitangazwa redioni, na yeye akakaa kimya akichambua maharage. Alimuuliza ni aibu gani hiyo inayoweza kulinganishwa na macho ya Sekela. Simkoko hakujitetea. Alisema waliposikia mashine itafunzwa na kikosi walifurahi, wakadhani atakuja mtu kuwatazama wakikaanga mchanga. Wakamngoja. Hakuja mtu, ikaja barua ya kuwaaga. Kisha akawaza kwamba akisema sasa, ataitwa mghushi uzeeni, mbele ya wajukuu. Akanyamaza, na alijua kunyamaza kwake ni kosa, na tangu Alhamisi hajapata usingizi.

"Nani huyo?" Tupokigwe aliuliza. "Nani aliyekuwa anarudisha fomu? Nataka jina lake. Nitalisoma mbele ya tume Jumatatu, na kama bado yuko kazini nitahakikisha jua halizami akiwa na kazi hiyo."

Mzee akaanza kufunika sanduku.

"Acha, mwanangu. Yalishapita."

"Nipe jina, Afande."

Simkoko akatoa fomu ya chini kabisa, ya kwanza, akampa. Kwenye kisanduku paliandikwa sifuri. Kando yake palikuwa na maneno mekundu: Lita 0, kazi haikuthibitishwa, rekebisha. Na chini, kwa herufi ndogo: Mhakiki, T. Mwaisumo, kijana wa mwaka wa utumishi.

Tupokigwe alikaa kwenye kile kiti alichotafutiwa. Kwa miezi sita ya mwaka wake wa utumishi, alipokuwa na miaka ishirini na miwili, kabla ya chuo cha uinjinia, aliwekwa kwenye chumba cha ripoti cha makao makuu. Alikumbuka chumba, alikumbuka feni mbovu. Alikumbuka kwamba alihakiki fomu mia mbili kwa siku na kupewa cheti cha wepesi, cheti ambacho mama yake alikitundika sebuleni. Fomu ya Halungu hakuikumbuka hata kidogo. Wala neno mchanga. Alizigeuza fomu zote tisa, na tano zilikuwa zake.

Aliuliza kama Simkoko alimtambua alipokuja kituoni na Nungu wa kwanza, miaka minne iliyopita. Mzee akasema alilitambua jina siku hiyohiyo. Akaona si adabu kumkumbusha mtu mzima kosa la utoto, tena mbele ya wageni. Adabu hiyo, akasema, ndiyo inayomuuma kuliko lita zote.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na Tupokigwe hakuitaka pole. Alichotaka ni mtu wa kumpiga, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. Akamuuliza mzee kama atakuja Jumatatu. Simkoko akasema atapiga pasi gwanda.

Jumatatu, robo saa kabla ya kikao, Bwana Msokwa alimwita Tupokigwe pembeni. Alikuwa ameshazipitia fomu alizopelekewa, na alikuwa mwerevu. Alisema ushahidi unatosha kabisa: Sajini alighushi ripoti, amekiri, jambo limekwisha. Zile karatasi tano zenye jina la mhakiki hazina haja ya kuingia kwenye jalada, zitachanganya watu bure. Injinia abaki kazini, ndiye pekee anayeweza kumtengeneza Nungu. Mstaafu atasamehewa kwa ajili ya umri.

Tupokigwe aliingia akazisoma zote tisa kwa sauti, pamoja na jina lake mara tano. Alisema Sajini alisema kweli mara tisa, na mara tisa akaambiwa aiondoe. Alisema yeye ndiye aliyefundisha kikosi kusema uongo, kisha akaifundisha mashine uongo huo na kuuita uzoefu wa watu wetu. Mjumbe mmoja, asiyetaka kuamini kwamba akili ya gharama namna ile imedanganywa na fomu, alimgeukia Simkoko. Alimuuliza kama anaweza kuthibitisha kwamba kweli hakuwahi kutumia maji.

"Mheshimiwa," Simkoko alisema, gwanda limenyooka, "ningeyatumia, ungekuwa unamuuliza nani?"

Nungu hawakuwashwa saa tisa, hapa wala katika ile miji mingine. Jina la Sekela likaondolewa kwenye orodha ya wakosaji. Tupokigwe alisimamishwa kazi kuanzia jioni hiyo, na akapewa jukumu moja la mwisho ambalo hakuna aliyelitaka: kujaza fomu ya tukio la Alhamisi, kwa kuwa jalada halifungwi bila fomu.

Aliipeleka hospitali. Sekela alikuwa amekaa kitandani, bandeji zimemzunguka kichwa, mama yake amelala kwenye kiti. Tupokigwe alijitaja jina, akamweleza kila kitu, cheti cha wepesi pia. Hakuomba msamaha, maana aliona kuomba ni kumtwika mgonjwa kazi nyingine. Sekela alisikiliza mpaka mwisho.

"Nina hasira na wewe, dada," alisema. "Sitakuficha. Na yule mzee pia. Nitakuwa nayo miaka mingi, maana sina kingine cha kufanya humu ndani."

Tupokigwe alisema anajua.

"Hiyo fomu, ijaze hapahapa, nisikie. Nimechoka kuandikiwa mambo."

Akawasha kishikwambi, akasoma kisanduku kimoja kimoja, naye Sekela akajibu. Tarehe. Reli ya nne. Saa nne na dakika sita. Asidi-moshi, dimbwi la mkeka wa watu wawili. Alipofika cha saba alinyamaza, kwani kilikuwa palepale, hakuna aliyekibadilisha kwa miaka yote hiyo.

"Soma," Sekela alisema.

"Lita za maji zilizotumika."

"Na mara hii ni ngapi?"

Kipimo cha tumboni mwa Nungu kilikuwa kimeonyesha mia tatu na arobaini. Tupokigwe aliandika 340. Katika ripoti zote za Mke-mwenza zilizopata kupokewa kutoka Halungu, hii ilikuwa ya kwanza kuwa na lita za kweli. Akabonyeza kutuma. Mara ya kwanza tu, bila swali, kioo kikageuka kijani na maneno yakatokea, naye akayasoma kwa sauti kwa kuwa alikuwa ameahidi kusoma kila kitu.

"Asante. Kazi imethibitishwa."

Sekela aligeuza uso ukutani. Baada ya muda aliomba maji ya kunywa, na Tupokigwe akamshikia kikombe.